Wazee wetu na Magharibi ya saa kumi

Kila mwaka, usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Oktoba, saa za hapa Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja. Jumamosi jua la London huzama kiasi cha saa 12 kasorobo jioni; kesho yake huzama kiasi cha saa 11 kasorobo. Ufikapo mwisho wa Novemba, Magharibi huingia kabla ya saa 10. Wengi wetu tumezaliwa Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, Lamu au Barawa, mahali ambapo adhana ya Magharibi mwaka mzima haisogei hata kwa saa moja, na ambapo saa 10 ni wakati wa wazee kutoka ndani kwenda barazani. Hapa, saa hiyo hiyo, mzee anafunga pazia.

Kijana hugeuza mshale wa saa ya ukutani akaendelea na shughuli zake. Mzee wa miaka themanini hubadilishiwa maisha. Aliyekuwa akitoka baada ya Alasiri, akipita dukani, akisalimiana na watu njiani, akaingia msikitini na kubaki hadi Isha, hujikuta amefungiwa na giza na baridi kabla hajamaliza chai ya jioni. Wala hakuna aliyemfukuza msikitini. Ni msimu tu umegeuka, nasi hatukugeuka nao.

Msimu wenyewe kwetu hauna jina la haki. Vuli tuliyokulia ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, ambazo baada yake ardhi huchipua. Vuli ya huku ni majani kukauka na kupukutika. Tutauita hapa msimu wa majani kupukutika, yaani Septemba hadi mwisho wa Novemba, na tunauzungumzia makusudi badala ya kuzungumzia Desemba na Januari. Theluji ikianguka kila mtu huwa macho, simu hupigwa, watu huulizana. Madhara ya wazee huanza kabla ya hapo, kimyakimya, katika wiki ambazo sisi tunaona bado hali ni nzuri na koti moja linatosha.

Tuanze kwa kujihukumu wenyewe. Mwaka mmoja, katika msikiti tunaoufahamu vizuri kwa kuwa ni wetu sisi tunaoandika haya, kulikuwa na mzee mmoja asiyekosa safu ya kwanza, upande wa kulia, karibu na ukuta. Saa ziliporudishwa nyuma hakuonekana. Wiki ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Wiki ya pili mmoja wetu alidhani amekwenda Unguja kwa wanawe, kama afanyavyo wakati mwingine, na dhana hiyo ikageuka kuwa habari. Tukawa tunaambiana kwamba mzee amesafiri. Wiki ya nne kijana aliyekuwa akisambaza kalenda za nyakati za swala akabisha hodi mlangoni kwake. Mzee alikuwamo ndani. Alikuwa ameteleza juu ya majani yaliyolowa mbele ya nyumba yake, mkono ukavimba, naye akaogopa kutoka tena. Alikuwa akiishi kwa chai na mkate, na mashine ya joto ameizima kwa kuhofia bili. Kiredio cha adhana kilikuwa kinawaka pembeni ya kitanda chake. Adhana zetu zote alizisikia, mara tano kwa siku, kwa wiki nne. Alituomba radhi kwa kutohudhuria. Ndivyo ilivyokuwa: yeye ndiye aliyetuomba radhi sisi.

Sote tunaijua habari, iliyothibiti katika Sahihi mbili, ya yule mtu aliyekuwa akifagia Msikiti wa Mtume (s.a.w.), ambaye riwaya nyingi zinamtaja kuwa ni mwanamke. Mtume (s.a.w.) alipomkosa, aliuliza habari zake. Akaambiwa kwamba amefariki na amekwisha kuzikwa. Hakuridhika kwamba hakuarifiwa, akataka aoneshwe kaburi, akaenda akamswalia. Habari hii huwa tunaisomesha katika mlango wa swala ya jeneza, na ni mahali pake. Lakini kabla ya kuwa dalili ya kuswalia kaburini, ni dalili ya jambo lililotangulia, nalo ni kuuliza. Kiongozi wa umma mzima, mwenye majeshi, wajumbe na wahyi, aliona pengo la mtu anayefagia. Sisi tuna safu mbili na nusu za Isha na pengo hatulioni kwa mwezi.

Baadhi ya ndugu watasema kwamba wazee wana rukhsa. Ni kweli, na hatuna haja ya kuipinga. Mvua, tope, giza la kutisha, maradhi na udhaifu ni nyudhuru ambazo wanazuoni wamezieleza kwa urefu, na mwenye udhuru anaswali nyumbani kwake na ujira wake uko kwa Mola wake. Lakini rukhsa ni ya mzee, si yetu. Yeye ameruhusiwa kutokuja. Sisi hatukuruhusiwa kutomwendea. Tunachokifanya ni kuichukua huruma ya sheria juu ya mtu dhaifu tukaifanya mto wa kulalia wenye nguvu.

Na ni wazee wa aina gani hawa? Wako waliofika nchi hii wakiwa vijana baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Wako waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya sitini, na waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 wakapokewa Leicester na kwingineko, ambao hadi leo wakikasirika hukasirika kwa Kiswahili. Wako Wabarawa na Wabajuni waliokimbia vita vya Somalia baada ya 1991. Watu hawa ndio waliokodi vyumba vya chini vya majumba wakavifanya mahali pa swala, wakachanga, wakabeba mazulia mabegani, wakafundisha watoto alifu kwa kijiti wakati hakuna madrasa wala mwalimu wa kulipwa. Misikiti tunayojivunia leo ilianzia mifukoni mwao. Waliokuja wakiwa na miaka ishirini baada ya 1964 leo wamevuka themanini.

Sasa tuyaangalie yale yanayowasibu, maana si vizuri kuhimiza wema kwa maneno matupu.

La kwanza ni kuanguka. Wakuu wa afya wa nchi hii wanasema kwamba katika kila watu watatu waliovuka miaka 65, mmoja huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Msimu huu una majani yaliyolowa, giza la mapema, na miwani yenye ukungu mtu anapotoka baridini na kuingia kwenye joto. Lakini tusiyalaumu majani ya baraza la mji kabla hatujatazama chooni kwetu. Katika misikiti yetu mingi mahali pa kutawadhia ni vigae vitupu; maji yametapakaa; bomba liko juu, na mzee anatakiwa ainue mguu hadi usawa wa goti, asimame kwa mguu mmoja, ajisuuze, kisha atembee na nyayo zilizolowa hadi kwenye ngazi. Kisha tunashangaa. Benchi moja la kukalia, mpira wa sakafuni usioteleza, chuma cha kushikilia ukutani, na taulo, gharama yake yote ni chini ya taa moja ya vioo kama ile tuliyoining’iniza katikati ya ukumbi. Na wazee wakumbushwe, maana wengine wamesahau au hawakufundishwa, kwamba aliyevaa khofu akiwa na tohara anaweza kupangusa juu yake mchana mmoja na usiku wake akiwa mkazi. Wepesi huu umewekwa utumike, na kwa mzee wa miaka themanini katika mwezi wa Novemba ni vigumu kumpata anayeustahiki zaidi.

La pili ni baridi ya ndani ya nyumba, ambayo ni hatari kuliko ya nje kwa sababu mtu huizoea. Ushauri wa huduma ya afya ya taifa ni kwamba chumba anachokaa mzee kisishuke chini ya nyuzi joto 18. Damu ya mzee ikipoa, shinikizo la damu hupanda na moyo huelemewa. Kifua nacho huanza. Wazee wetu wengi wanazima joto ili kuokoa pesa, na wengi wao wanafanya hivyo ilhali kuna haki yao iliyolala. Malipo ya serikali ya kusaidia joto la majira ya baridi yalibanwa mwaka 2024, yakabaki kwa wanaopokea misaada maalumu tu. Mwaka 2025 yakarejeshwa, England na Wales, kwa wastaafu ambao pato lao la mwaka halizidi paundi 35,000. Ni paundi 200 kwa nyumba, au 300 akiwamo aliyefikisha miaka 80. Zaidi ya hayo iko nyongeza ya pensheni kwa wenye pato dogo, ambayo haiji yenyewe mpaka iombwe, na fomu yake ni ndefu, na iko kwa Kiingereza. Wengine wanaona aibu, wanasema hawakuzoea kuomba. Tunawaambia kwa heshima: Bi mkubwa, mzee wetu, umefanya kazi kiwandani, hospitalini na kwenye mabasi ya nchi hii miaka thelathini ukikatwa kodi. Huombi, unadai. Na kijana anayejua kujaza fomu ya kukodi gari kwa simu dakika mbili, akae na bibi yake saa moja amjazie na hii.

Hapa tuongeze tahadhari moja ya nyumba zetu hasa. Tunapenda ubani na udi, na baadhi ya wazee bado wanatumia makaa katika chetezo. Madirisha yakiwa wazi mwezi wa Juni hapana neno. Madirisha yakifungwa mwezi wa Novemba, makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na harufu ya udi humhadaa mtu akadhani hewa ni safi. Hewa hiyo imeua watu wakiwa usingizini. Kengele ya kuonyea hewa hiyo ni kitu kidogo cha kubandika ukutani. Na chetezo cha umeme, kwa anayekikubali, kinanukia vilevile.

La tatu ni jua. Katika nchi hii, tangu Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua halina nguvu ya kuufanya mwili utengeneze vitamini D ya kutosha, na bila hiyo mifupa na misuli hudhoofika. Yaani tunarudi kule kule kwenye kuanguka. Ushauri wa serikali ni maikrogramu 10 kila siku katika miezi hii kwa kila mtu, na mwaka mzima kwa wenye ngozi nyeusi na kwa wanaofunika sehemu kubwa ya mwili watokapo nje. Wazee wetu wengi wana sifa zote mbili, na mama zetu ndio hasa walengwa. Ni kidonge kidogo cha bei ndogo. Anayetumia dawa nyingine amuulize kwanza mwenye duka la dawa, na anayejali asili ya ganda la kidonge, na ni haki yake kujali, aulize pia. Viko visivyo na jelatini ya mnyama.

Neno hilo la jelatini ndilo linalotufikisha kwenye chanjo, na hapa tuna la kusema kwa uwazi kwa kuwa madhara yake tumeyaona. Kila mwaka ufikapo mwezi wa Oktoba, hospitali na maduka ya dawa hutoa bure chanjo ya homa ya mafua kwa waliofikisha miaka 65. Na kila mwaka mara hiyo hiyo huzunguka ujumbe katika simu za Waislamu kwamba chanjo hiyo ina nguruwe. Mzee huusoma, au husomewa na mjukuu, akakataa. Ukweli ni huu. Iko chanjo ya mafua ya kunusisha puani, ambayo hupewa watoto, na ile ina jelatini itokanayo na nguruwe. Kwa hiyo wapo wazazi wanaoomba watoto wao wapewe sindano badala yake, na wanazuoni wana maelezo yao juu ya kitu kilichobadilika dhati yake. Lakini wazee hawapewi ile ya puani. Wazee hupigwa sindano, na sindano hiyo haina jelatini ya nguruwe. Basi suala lililowazuia wazee wetu halikuwa lao tangu mwanzo. Mtu mmoja alichukua mas-ala ya mtoto akayapeleka kwa babu, na babu akaugua.

Kando ya hiyo, tangu Septemba 2024 England inatoa chanjo dhidi ya kirusi cha RSV, kinachoshambulia mapafu, kwa wanaotimiza miaka 75. Na katika msimu wa 2025 chanjo ya UVIKO-19 ilitolewa kwa wenye miaka 75 na zaidi, kwa wakazi wa nyumba za kutunzia wazee, na kwa wenye kinga dhaifu. Taratibu hizi hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo aulizwe daktari, si simu. Kwa maimamu tunaomba jambo moja: khutba moja ya mwanzo wa Oktoba, dakika tano tu katika khutba hiyo, mzungumze habari ya sindano ya mafua kwa ilimu. Ujumbe wa simu hauna jina la aliyeuandika. Imamu ana jina na uso, na wazee wanamwamini.

Tunafikia sasa lile ambalo halina kidonge. Januari 2018 serikali ya nchi hii iliteua waziri wa kushughulikia upweke, kufuatia kazi ya tume iliyopewa jina la mbunge Jo Cox, aliyeuawa Juni 2016. Tunakumbuka jinsi habari ile ilivyopokewa katika baraza zetu: watu walicheka. Tazama Wazungu, hadi upweke wameuundia wizara. Sisi tuna wazazi wetu majumbani, tuna Uislamu. Tulicheka pamoja nao. Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake ikasema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Duniani, si Ulaya peke yake. Hatuoni tena sababu ya kucheka.

Maana mtu anaweza kuwa mpweke katika nyumba yenye watu saba. Mwana anatoka saa 12 asubuhi na kurudi usiku. Mkwe yuko kazini. Wajukuu wakirudi shule wanazungumza Kiingereza cha haraka na macho yao yamo katika kioo cha simu. Babu akisema neno wanajibu kwa heshima, neno moja, kisha kimya. Wapo wazee ambao maradhi ya kusahau yamewaanza, na wajuzi wa maradhi hayo wanaeleza kwamba mara nyingi lugha iliyosomwa ukubwani ndiyo hutangulia kupotea, ikabaki ile ya utotoni. Bibi huyo anabaki na Kimvita chake au Kiamu chake katika nyumba ambayo hakuna anayekijua tena sawasawa, na muuguzi anayemjia asubuhi hajui hata kumwambia shikamoo. Huyu hakuachwa na wanawe. Wanawe wako chumba cha pili.

Na tukisema bibi, tuseme na hili: hali ya mama zetu ni nzito zaidi, na sehemu ya uzito huo tumeutia sisi. Mzee wa kiume akiletwa msikitini ana mahali pa kukaa. Mwanamke mzee, katika misikiti mingi ya watu wetu, amewekewa chumba cha juu kabisa, ngazi ishirini na mbili, pasipo lifti, na kipaza sauti kinachokatika; na katika misikiti mingine hakuwekewa kitu. Mtume (s.a.w.) hakuwazuia wanawake na misikiti. Sisi hatukuwazuia kwa ulimi, tumewazuia kwa ngazi.

Jambo jingine tuliseme, ingawa litawaudhi baadhi. Mzee akifariki, mikeka haitoshi. Masufuria ya biriani yanapangwa, watu wanatoka Portsmouth na Manchester, siku ya tatu, siku ya arubaini, na sifa zake zinatajwa hadi wanaomjua wanatazamana. Hukumu ya mambo hayo tumekwisha kuiandika katika kurasa hizi mara nyingi, na leo siyo maudhui yetu. Tunauliza tu hesabu ya petroli. Gari zilizokuja kwenye hitima ya mzee mmoja zingetosha kumleta msikitini kila siku tangu Oktoba hadi Machi.

Na hapo ndipo penye rai yetu. Msimu huu tunaoulalamikia una jambo ndani yake ambalo hatulitumii. Katika miezi ya Juni na Julai, Isha hapa huingia baada ya saa 4 usiku, na katika misikiti mingine huswaliwa karibu na saa 5. Hakuna mzee anayeweza hilo, na hatumtaki aliweze. Lakini tazameni kalenda ya katikati ya Novemba. Alasiri ya London huingia karibu na saa 8 mchana. Magharibi ni saa 10 na dakika kama kumi. Isha ni saa 12 jioni na dakika chache. Mzee akichukuliwa nyumbani baada ya chakula cha mchana, bado kuna mwanga, akarudishwa saa 12 na nusu, amepata jamaa ya swala tatu kwa safari moja, na amekaa na watu zaidi ya saa nne mahali penye joto ambapo hakuilipia bili. Mwaka mzima hakuna miezi iliyo myepesi kwa mzee mwenye wa kumchukua kuliko hii. Na ndiyo miezi tunayomkosa.

Kuna kizuizi kimoja, nacho kiko mikononi mwa kamati. Misikiti mingi katika miezi hii huiweka Isha saa 1 na nusu usiku, ili wanaotoka kazini waiwahi. Hatukatai maslahi ya wafanyakazi. Lakini mzee aliyeswali Magharibi saa 10 hawezi kungoja zaidi ya saa tatu kwenye kiti cha plastiki. Basi ama Isha iswaliwe mwanzo wa wakati wake siku za Jumatatu hadi Alhamisi, ama wazee warudishwe baada ya Magharibi. Kamati zikae na wazee wenyewe wakiwapo, ziwaulize. Imekuwa desturi yetu kuwaamulia wazee mambo yao katika vikao vinavyoanza saa 3 usiku.

Na hizo saa nne zijazwe nini? Zisijazwe mawaidha, tafadhali. Wazee hawa wamesikia mawaidha miaka sabini. Iwepo chai ya tangawizi na vitumbua, pawepo na meza. Kati ya Alasiri na Magharibi ndio wakati watoto wa madrasa wanaanza kuingia. Wazee wapewe watoto. Yuko bibi ambaye hawezi kupanda ngazi lakini akisikia mtoto anakosea mada katika Surat Yaasin, anaisahihisha akiwa amefumba macho. Yuko mzee anayejua jinsi mashua za Pemba zilivyofika Tanga na majina ya pepo zote, na hapa kuna watoto ambao hawajui kaskazi ni nini. Sisi tunaosomesha tunakiri: watoto wetu wanahifadhi juzuu nzima na hawawezi kumjulia hali bibi yao kwa sentensi tatu za Kiswahili. Mzee anayetakikana kwa kazi hupona maradhi mengi kabla ya kumwona daktari. Anayeletwa kuketishwa tu kwenye kona, kama tulivyokwisha kujaribu mwaka mmoja, haji mara ya tatu.

Wale wasioweza kutoka kabisa waendewe. Waendao wawe wawili wawili, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, siku moja maalumu ya wiki ili mzee awe na siku ya kungojea. Wasiende mikono mitupu, wala wasiende na kamera. Wasiguse kadi ya benki ya mtu wala namba yake ya siri, hata wakiombwa, kwani katika miezi hii matapeli wengi hujifanya watu wema na wazee wetu wafundishwe kuwatilia shaka. Wakiwa pale waiangalie nyumba bila kuonesha kwamba wanaiangalia: joto lipo, friji ina kitu, taa ya ngazi inawaka, dawa zimeliwa. Kisha wanywe chai na wasitazame saa.

Tumeanza katika msikiti wetu, na kwa aibu, kwa sababu ya mzee yule wa safu ya kwanza. Daftari moja liko kwa muadhini. Ndani yake mna majina ya wazee wetu wote wa kike na wa kiume, na mbele ya kila jina kuna jina la mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujua, ikipita siku ya tatu hakumwona, yuko wapi. Madereva ni tisa hadi sasa. Jumatano bado haina mtu. Misikiti mingine inayosoma kurasa hizi inaweza kuanza na daftari tu, na kalamu. Mwenye gari na nafasi ya mchana, na asiye na gari lakini ana miguu, aandikishe jina lake kwa imamu wa msikiti wake kabla ya ile Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na mwenye mzazi ndani ya nyumba amuulize leo, kabla ya Isha, angependa aje kuchukuliwa saa ngapi.